Mdau wa Muziki na Mchi wa Tatu

Alhamisi, 6 Juni

Baridi. Ukungu umelala juu ya Newala mpaka katikati ya asubuhi, hata kuku hawakutaka kutoka. Julia amemaliza wimbo wake wa kompyuta. Huyu ni Julia wangu, wa pekee, aliyezaliwa Ndanda. Nesi aliyempokea alisema hajapata kusikia mtoto mchanga anayelia kwa kufuata mapigo. Nesi mwingine akasema ni mafua. Huyo hakuwa mtaalamu.

Wimbo hauna mwimbaji. Nikasubiri kwa adabu, nikidhani amechelewa. Julia akaniambia hakuna anayekuja, ndivyo muziki huu ulivyo. Lakini mama yake yumo! Mwaka jana alinirekodi kwa simu kule shambani Chilangala nikitwanga makopa ya muhogo. Sasa amenikatakata ndani ya kompyuta na kuniweka mara mbili, nimekuwa wanawake wawili wenye michi miwili. Puu, puu. Chini yake besi. Juu yake vinanda kama nyuki. Wimbo unaitwa "Kinu".

Machozi yalinitoka. Nilirudi nikawa msichana, uani kwetu Chilangala, mimi na Anastasia na Zuhra, kinu kimoja, michi mitatu, mikufu ya shanga inacheza shingoni. Nikaanza kukanyaga mguu taratibu. Kisha mguu ukataka kukanyaga mahali fulani, ukakosa pa kukanyaga. Nilijua kwa nini. Sikusema. Mama mwenye akili hamwambii mwanawe mambo hayo. Nilimwambia ni wimbo bora kuliko nyimbo zote za Tanzania, ukijumlisha na za Msumbiji.

Hakufurahi. Akanieleza habari zake. Yumo kwenye kundi la wasap la vijana wanaotengeneza nyimbo za namna hii, wa Masasi, Newala na Ndanda. Mkubwa wa kundi ni Mwalimu Filemoni. Sheria yao: ukisikiliza wimbo wa mwenzako, useme linalopendeza, linaloharibu, na la kujaribu. Lakini akiweka wake, watu wanaandika "kali" na kubandika picha ya moto. Tangu mwaka uanze, moto tu. Hajui kama anapanda au anashuka. Jumamosi ya wiki ijayo wanakutana Masasi kusikilizana uso kwa uso. Akirudi na moto tena anauza kompyuta, anabaki na kazi yake ya kutengeneza simu, basi.

Nimemwelewa vizuri sana. Mtoto anataka asifiwe zaidi.

Ijumaa, 7 Juni

Baba Julia ana laini ya pili ambayo kazi yake ni kupotea. Nimeikuta kwenye kopo la vifungo. Nimeitia kwenye simu yangu ya zamani na kujiunga na kundi kwa jina la Mdau wa Muziki, Mtwara Mjini. Mwanaume, nimeamua, mwenye gari.

Nimeandika: "Kinu ni wimbo mkali mno. Mimi mdau nimesikiliza nyimbo nyingi huku mjini lakini huu umenishinda. Usibadilishe hata kidogo. Huyo mama anayetwanga ana kipaji. Halafu umekula?"

Julia alikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akikohoa, au akicheka. Akajibu: "Asante mdau. Nimekula viazi."

Hakunijua hata kidogo. Nimejishangaa. Ningesoma zaidi ya darasa la saba, serikali ingenitumia kwa mambo ya siri.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nilikutana na Anastasia njiani, naye anatoka misa ya kwao. Tumekua pamoja, tumechezwa unyago pamoja, tumeshuka pamoja bondeni kuchota maji na kupanda na ndoo kichwani, magoti yakituuma kama ya vikongwe. Sasa yeye ni Mama Alfredi na mimi ni Mama Julia, na tukionana hatuna mazungumzo mengine.

Alfredi naye anatengeneza nyimbo. Anastasia akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kwenye kundi hakuna anayetoa maoni kama Alfredi. Mwalimu Filemoni alimwita kijana mwenye masikio. Nikamjibu hongera, kila mtu ana masikio, hata mbuzi. Akasema Alfredi ana spika mbili kubwa kama makabati. Nikasema Julia anazo ndogo kwa sababu muziki wake umejaa wenyewe.

Tukaagana kwa kukumbatiana. Ana kanga mpya. Inampendeza, lakini sikumwambia.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nilisikiliza "Kinu" peke yangu, Julia akiwa kazini. Nikagundua tatizo jingine. Ile besi inasema "bwata". Besi nzuri isingesema "bwata".

Marehemu baba yangu, Mzee Bartholomayo, alikuwa mpiga ngoma ambaye Chilangala nzima haikuanza kucheza mpaka afike. Asubuhi za Juni kama hizi ngoma zililala na unyevu, zikasema "bwata" vilevile. Yeye hakugombana nazo. Aliwasha majani makavu, akazikanza motoni, akizigeuza polepole kama mtu anayeota mikono. Akizigonga tena, zinasema "ti". Mimi ndiye niliyemletea majani. Harufu ya ngozi ikipata moto naijua kuliko harufu ya manukato.

Basi nilichukua spika za Julia, nikaziweka mbele ya jiko la mkaa. Si karibu sana, mimi si mjinga. Nilizigeuza polepole, kama baba.

Kisha Stamili, jirani yangu, akapita kuniambia habari ya mtu aliyevunja uchumba. Habari ilikuwa ndefu, na yenye haki pande zote mbili.

Jumanne, 11 Juni

Spika moja sasa haisemi kabisa. Ya pili inakwaruza. Ule mpira wa pembeni umejikunja kama jani la mgomba kwenye moto. Nilimwambia Julia huenda ni umeme. Akainusa, akanitazama, akaangalia jiko. Akasema, "Sawa mama." Huyu mtoto angepaswa kugomba. Akikaa kimya hivi huwa nakosa pa kujitetea.

Atamalizia wimbo kwa hedifoni. Anasema kwa hedifoni hataijua besi yake ukubwa wake, ni kama kupima kitenge gizani.

Jioni Anastasia akaja mwenyewe mlangoni, habari imemfikia. Alfredi anasema Julia aende atumie spika zake. Nikamshukuru, nikamwambia Julia hana shida yoyote, spika zake ziko kwenye matengenezo ya kawaida. Akaniuliza mbona nyumba yangu inanuka mpira. Nikasema ni mboga.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango mkubwa. Nimechemsha ming'oko, vile viazi vya porini, sufuria nzima na kukaanga korosho, nikawaita wanawake wa kikundi chetu cha ngoma, sita pamoja na Stamili. Wakala. Nikawaeleza: Jumamosi tunakodi gari, Noah, kwenda Masasi kumshika mkono mtoto wetu. Wimbo ukianza, vigelegele. Wakiulizwa maoni, kila mmoja aseme ni mzuri na hauna cha kurekebisha.

Stamili akauliza, je, kama haujampendeza. Nikamwongezea ming'oko. Akasema umempendeza.

Baba Julia alikuwa pembeni akiondoa matope kwenye jembe. Nilimuuliza anaonaje. Akasema, "Mh."

Jumamosi, 15 Juni

Sijui niandikeje.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Vijana kama ishirini, spika kubwa, Mwalimu Filemoni na kofia yake. Wakaanza na wimbo wa Alfredi. Waliusikiliza kimya kama wako kwenye mtihani, kisha wakamkalia. Mmoja kasema katikati kunachosha. Mwingine kasema vinanda vinapigana. Nilifurahi sana. Cha ajabu Alfredi naye alifurahi, akashukuru kila mmoja, akauliza wapi hasa.

Ukafika wa Julia. Ile "puu" ya kwanza tu, tukafyatuka. Vigelegele mpaka dari likajibu. Stamili akatandika kanga mbele ya spika kama mbele ya mchezaji, akaucheza wimbo wote, mgongo kwa Mwalimu. Besi ilikuwa kubwa kupita kiasi, kalenda ilidondoka ukutani, sisi tukadhani ndiyo mtindo, tukaongeza vigelegele. Ningemwona mtu anasikiliza ningemshangaa.

Kisha maoni. Kila kijana aliyesimama aligeukia kwanza benchi letu. Shikamooni mama zetu. Marahaba, tukaitikia kwa pamoja, tumevaa sare. Halafu akasema wimbo ni mzuri. Akakaa. Anayefuata, shikamooni, wimbo ni mzuri. Mwalimu Filemoni akawaomba, akawabembeleza, walau mmoja aseme linaloharibu. Wakatazama viatu vyao. Nilijivunia malezi ya vijana wa Masasi.

Mwisho akasimama Alfredi. Julia alinyanyuka kidogo kwenye kiti, kalamu mkononi. Nikajua ndiye aliyekuwa anamsubiri. Alfredi akamtazama Julia, akanitazama mimi niliyembeba mgongoni akiwa na surua. Akasema, "Ni mzuri. Sina la kuongeza."

Julia akafunika kalamu.

Wakati wa kurudi wanawake waliimba mpaka Newala. Julia alikaa dirishani. Tulipofika akaniambia, "Asante kwa kunisindikiza, mama." Asante ile haikuwa na chumvi.

Jumapili, 16 Juni

Julia amebandika karatasi kwenye kibanda chake cha simu: kompyuta inauzwa. Ameandika kwa mwandiko mzuri, hilo lazima niliseme.

Nilimuuliza kwa nini, na jana amesifiwa na ukumbi mzima. Akasema ndiyo sababu.

Baba Julia leo ameongea. Alisema, Mama Julia, mtu akikupikia kila siku, akakuuliza chumvi ikoje, ukamjibu nzuri hata siku aliyosahau kuitia, utamfanya aache kukuuliza. Nikamwambia mimi chakula changu siku zote ni kizuri. Akasema, "Mh." Akaondoka na jembe.

Nimeshindwa kula. Chumvi ilikuwa haimo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kwa Anastasia. Si kumwomba kitu, nilikuwa napita. Nilimkuta Alfredi uani. Nikamwambia mwanangu, pale Masasi ulikuwa na la kusema ukalimeza, sasa liteme. Akajikuna kichwa, akasema shikamoo mara ya pili. Nikamwambia marahaba zimetosha.

Akasema besi imezidi, lakini hiyo ni kwa sababu ya spika, inarekebishika. Kuna jingine. Amesikiliza wimbo ule usiku na mchana, anasikia michi miwili inakimbizana, inajikwaa, kuna kitu hakipo. Ndicho kilichomfunga mdomo, zaidi ya kutuogopa sisi. Hakijui ni nini.

Anastasia alikuwa amechutama jikoni, anapuliza moto, ametupa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Zuhra."

Alfredi akauliza ni nani huyo.

Zuhra alikuwa mfupi kuliko sisi, na mchi ulimzidi uzito. Kila akiunyanyua aliupumzisha kidogo kwenye ukingo wa kinu, ka, ndipo anaushusha. Ka, puu. Mama yake alimkataza, kinu kitapasuka. Lakini ile "ka" ndiyo iliyotufundisha mimi na Anastasia kusubiri. Siku Zuhra akiumwa, mimi na Anastasia tulitwanga tukigongana michi na kutukanana. Ametangulia siku nyingi, Mungu amrehemu. Kisha ikaja mashine ya kusaga, tukafurahi kama wendawazimu, hakuna aliyekumbuka kuaga kinu.

Anastasia akasema mimi ndiye niliyekuwa nawahi. Nikasema yeye. Alfredi akatuletea viti.

Jumanne, 18 Juni

Mama hawezi kumwambia mwanawe wimbo wako una kasoro. Lakini Mdau anaweza. Mdau ni mwanaume wa mjini, hana huruma.

Nimeandika asubuhi nzima, nikifuta na kuandika upya:

"Linalopendeza: yule mama wa mchi wa kwanza, anatwanga vizuri sana. Linaloharibu: ni michi miwili tu. Kinu cha Chilangala kilikuwa na michi mitatu. Wa tatu hugonga ukingo kwanza, ka, ndipo hushuka. Bila yeye wale wawili hawajui pa kusubiri. Mdau alilisikia hili tangu siku ya kwanza, akaona haya kukuambia. Na besi punguza, kalenda ilidondoka. La kujaribu: mtafute huyo wa tatu. Halafu umekula? Jana ulirudisha sahani na wali wote."

Nikakaa. Haukupita muda, simu ikalia.

"Asante mdau. Hii ndiyo niliyoitaka. Kesho asubuhi uje uani na mchi wako. Mwambie na mwenzako."

Nimesoma mara nyingi. Mtu wa Mtwara Mjini, mwenye gari, atautoa wapi mchi? Nimeamua niende mimi kwa niaba yake.

Jumatano, 19 Juni

Kinu chetu kilikuwa kimegeuzwa juu chini nyuma ya nyumba, kuku wanakilalia. Tulikiosha, mimi na Anastasia, tukibishana nani anaosha vizuri. Alfredi alileta spika zake na waya. Julia akatundika simu kwenye tawi la mwembe, akamimina makopa, akashika mchi wa tatu mwenyewe.

Mara ya kwanza aligonga ukingo amechelewa. Tukamkemea wote wawili kwa sauti moja. Mara ya pili aliwahi, tukamkemea tena. Niliogopa atakasirika. Nilimwona anacheka. Alikuwa anauliza, wapi hasa, mama? Kabla ya wewe au baada ya Mama Alfredi?

Kisha akaipata. Ka, puu. Ka, puu. Mikono yangu ikakumbuka yenyewe. Nilimwona Anastasia anasubiri, na mimi nasubiri, kwa upole, kama tulivyosubiri tukiwa wasichana na kiuno chembamba, tunaogopa kuchelewa ngomani. Sikutazama pembeni yangu. Nilijua nikitazama nitaona ni Julia. Nilitaka niendelee kidogo.

Unga ukaruka. Anastasia akafuta macho kwa pindo la kanga, akasema ni unga. Nami nikasema ni unga.

Mchana nilipita kibandani. Karatasi haipo.

Jumamosi, 29 Juni

Masasi tena. Julia alituruhusu kwa masharti: wanawake wa ngoma wabaki Newala, na mimi na Anastasia tukae nje, chini ya dirisha, vijana wasituone. Tulikaa kwenye ndoo za rangi tupu. Mwenzangu alikuwa ananishika mkono nisisimame. Nitaandika kuwa mimi ndiye niliyemshika.

"Kinu" kipya kikapigwa. Ka, puu. Wakanyamaza kama kwa Alfredi. Halafu wakamkalia mwanangu! Vinanda vya juu vinaumiza masikio. Mwisho unakatika ghafla. Katikati paongezwe pumzi. Kila nikisikia hivyo, ndani ya ukumbi nasikia Julia anauliza, wapi hasa? Sauti yake ilikuwa ile ya utotoni, akiniuliza mvua inatoka wapi. Mmoja akasema ile "ka" imemfanya amkumbuke bibi yake na hajui kwa nini. Mwalimu Filemoni akasema wimbo huu sasa unatembea kwa miguu yake.

Kisha akafungua dirisha. Kumbe alijua. Akasema kina mama nao watoe maoni, kwa sheria ileile.

Nikasimama juu ya ndoo. Nimejifunza mengi mwezi huu, na nilitaka waone. Linalopendeza: mchi wa kwanza. Linaloharibu: mchi wa pili, mzito, na unawahi, ulikuwa unawahi tangu tuko wasichana. La kujaribu: utolewe.

Anastasia akapanda ndoo yake. Akasema vilevile, ila alianzia upande wa pili.

Julia anaanza wimbo mpya kesho. Nimeshazungumza na mwenye Noah, safari hii ziwe mbili, tutapaki mbali wasituhisi. Na laini ya Mdau nimeirudisha kwenye kopo la vifungo, ilishaanza kujulikana. Nimeazima ya Stamili. Sasa ni Mpenzi wa Besi, Lindi. Nimeanza na wimbo wa Alfredi, ili kuzuga. Nimemwandikia kuwa vinanda vyake vinapigana, kwamba ananyoa vibaya, na kumuuliza kama amekula, maana leo dirishani nilimwona amekonda.

Amejibu upesi: "Nimekula, mama."

Anaita kila mtu mama, kijana yule. Anastasia amemlea vizuri. Sitamwambia.